Tisa kwa Kumi, kwa Nani?

Gemu kubwa huchukua miaka kutengenezwa. Siku inapotoka, wengi wetu tunaangalia kitu kimoja tu: namba. Tisa kwa kumi, themanini na nne kwa mia, nyota tatu kati ya tano. Kwa namba hiyo mtu hutoa fedha yake au huirudisha mfukoni, na huko gemu zinakotengenezwa wapo waliokosa malipo kwa sababu yake. Ndiyo maana inafaa kuuliza anayeitoa ni nani, amepima nini, na kwa niaba ya nani.

Hoja iliyo mezani ni hii: alama za namba zifutwe katika uhakiki wa michezo ya video. Nimeipanga kwa utaratibu wa midahalo ya shule, yaani mtoa hoja, mpinzani na wachangiaji wawili. Mtoa hoja ni mbunifu wa gemu za simu. Mpinzani wake ni mhakiki. Wachangiaji ni mwenye kibanda cha PlayStation na mwanafunzi wa chuo anayecheza kwenye kompyuta. Wasemaji nimewabuni, lakini gemu, kampuni na miaka wanayoitaja ni ya kweli. Kiti nimekikalia mwenyewe.

MWENYEKITI: Karibu mtoa hoja. Namba imekukosea nini?

MBUNIFU: Ahsante, Mwenyekiti. Naanza na alama moja tu. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ya Marekani ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Makubaliano yalikuwa kwamba gemu ikifikisha 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kuzitolea wastani, studio inapata bonasi. Ikapata 84. Mmoja wa wakuu wa Obsidian, Chris Avellone, aliyasema hayo hadharani mwaka 2012. Sasa niambieni, nani humu ndani anaweza kucheza gemu ya 84 na gemu ya 85 akazitofautisha? Na huo wastani wenyewe hatujui umefikiwaje. Metacritic huwapa wahakiki uzito tofauti, na haitangazi nani kapewa uzito gani.

MHAKIKI: Kaka yangu, hapo umeushtaki mkataba, alama hujaigusa. Aliyeandika nane kwa kumi alikuwa anazungumza na msomaji wake. Bonasi ya mtu haikuwa mezani kwake. Aliyeifunga bonasi kwenye wastani ni mwenye fedha, na mwenye fedha anaweza kuifungua. CD Projekt ya Poland nayo ilikuwa imeweka sharti la alama 90 kwa Cyberpunk 2077. Gemu ilipotoka Desemba 2020 na mambo yakaharibika, wakuu wakawaambia wafanyakazi kwamba watalipwa bila kujali alama. Mkataba mbaya dawa yake ni mkataba mwingine.

MBUNIFU: Basi tuuache mkataba, tushike kipimo. Metacritic hiyohiyo huipaka filamu rangi ya kijani kuanzia alama 61. Gemu haipati kijani mpaka ifike 75. Kwa hiyo filamu ya 70 ni nzuri, gemu ya 70 ni ya kawaida tu, na tovuti ni moja! Tena mhakiki akitoa nyota tatu kati ya tano, inasomwa 60. Akitoa herufi B yenye alama ya kutoa mbele yake, inageuzwa kuwa 67. Yeye alitaka kusema gemu ni nzuri ila ina kasoro mbili tatu. Msomaji anaona njano, anapita.

MHAKIKI: Hilo nalikubali nusu. Ni kweli alama za gemu zimejazana juu, kati ya sita na tisa, lakini ipo sababu. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, linapokea gemu zaidi ya elfu kumi kwa mwaka. Hakuna gazeti linaloweza kuzipitia zote. Mhariri anachagua zile zinazosubiriwa na wasomaji, na hizo mara nyingi zimetoka kwa watu wenye ujuzi na fedha. Zilizo mbovu kabisa hazifiki mezani kwetu. Kwa hiyo usidhani kila anayetoa nane ni mwoga. Na zipo siku namba ndogo inasema zaidi ya kurasa kumi. Wahakiki wa tovuti ya IGN waliipa FIFA 20 ya Nintendo Switch alama mbili kwa kumi, kwa sababu ilikuwa gemu ya zamani iliyobadilishwa jezi na vikosi. Mwaka 2020 ikaja FIFA 21 ya mashine hiyohiyo, na hali ni ileile. IGN wakachapisha uhakiki uleule wa mwaka uliopita pamoja na mbili yake.

MWENYEKITI: Naona mwenye kibanda anacheka. Mpeni nafasi.

MWENYE KIBANDA: Nacheka kwa sababu mpira ndio unaonilipia kodi ya fremu. Msimu ukianza, vijana wanauliza kama nimeweka mpya. Wanataka kumwona mchezaji aliyehama akiwa na jezi yake ya sasa, basi. Mengine hayawahusu.

Mimi nina TV nne na mabenchi. Gemu ikiingia, sisomi alama ya mtu. Nawaita vijana wawili, nawapa pedi zilizochoka; ipo moja kijiti chake cha kushoto kinavuta chenyewe, kwa hiyo winga anakimbilia kibendera cha kona bila kutumwa. Wakimaliza mechi ndani ya dakika kumi, na aliyesimama nyuma yao akadai zamu yake kabla hawajaachia pedi, gemu imefaulu. Zile za mtu mmoja kuzunguka porini na panga kwa saa sitini, hata zipewe kumi kwa kumi, kwangu ni hasara. Nani atakaa kwenye benchi kumsubiri? Halafu nina swali kwa dada mhakiki. Mashine zangu ni PS4 za mtumba, feni zinalia mpaka nje. Wewe unapotoa hiyo tisa, huwa umechezea kwenye nini?

MHAKIKI: Mzee wangu, swali hilo ndilo lililotuumbua mwaka 2020. Kabla Cyberpunk 2077 haijatoka, wahakiki walipewa nakala ya kompyuta peke yake. Ya PS4 na ya Xbox One hawakuiona. Hata video walizoonyesha zilitakiwa kutumia picha zilizotolewa na kampuni yenyewe. Alama za mwanzo zikapita 90. Tarehe 10 Desemba gemu ikawafikia wenye PS4: inaganda, inajizima, sura za watu zinachelewa kutokea. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kuwarudishia wanunuzi fedha. Haikurudi dukani mpaka Juni 2021.

MBUNIFU: Umenifanyia kazi yangu, dada. Namba ilidanganya.

MHAKIKI: Ilidanganya kwa sababu ilipelekwa kwa asiyehusika. Leo ukifungua Metacritic utakuta Cyberpunk ya kompyuta ina 86 na ya PS4 ina 57. Gemu moja, namba mbili, na zote mbili zina haki. Kosa lilikuwa kumwonyesha mwenye PS4 namba ya kompyuta. Na usidhani maneno yangemwokoa. Wapo wahakiki walioandika kabisa kwamba wamecheza kwenye kompyuta. Sentensi yao ilikaa ndani ya aya, namba ikasafiri peke yake.

MWANAFUNZI: Mwenyekiti, naomba kuchangia. Mbona mnazungumza kana kwamba haki ya kuhukumu ni ya wahakiki tu? Steam haimuulizi mtu atoe ngapi kwa kumi. Inamuuliza swali moja: unaipendekeza gemu hii au huipendekezi? Pembeni ya jibu lake inaonyesha amecheza saa ngapi. Tangu 2016, alama ya jumla haihesabu maoni ya waliopata nakala nje ya duka hilo, zikiwemo za bure. Na maoni ya siku za karibuni yanawekwa kando na ya tangu mwanzo, ili ujue gemu ikoje sasa.

Tena wanunuzi wakisema kwa pamoja, wanasikika. Mei 2024 Sony walitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipo rasmi katika nchi nyingi.  Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Watu walikuwa wameshalipa, na gemu ikaondolewa sokoni Steam katika nchi zaidi ya 170. Kwa siku chache maoni mabaya yakapita laki mbili, Sony wakafuta agizo. Mhakiki gani angeweza hilo?

MHAKIKI: Hakuna, mdogo wangu, na siku ile mlikuwa na haki. Waliolalamika walikuwa wamenunua, wamecheza, na wananyang'anywa. Lakini turudi nyuma, tarehe 19 Juni 2020. The Last of Us Part II imetoka, na siku hiyohiyo maelfu ya watu wakamimina sifuri Metacritic. Gemu ile inahitaji zaidi ya saa ishirini kuimaliza. Hao waliicheza lini? Wengi walikuwa na hasira na hadithi waliyoisikia kabla. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka kanuni kwamba mchezaji asubiri saa 36 tangu gemu itoke ndipo aandike. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake haujatufikisha kwenye haki. Kilichoitofautisha siku ya Helldivers na siku ile ni kwamba walalamikaji walikuwa wamecheza, na Steam iliandika saa zao.

MWANAFUNZI: Nakubali, lakini saa zinawakimbiza na nyinyi. Mwaka 2016 Bethesda ilitangaza kwamba itatuma nakala kwa wahakiki siku moja tu kabla ya gemu kutoka. Utaimaliza gemu ya saa arobaini kwa usiku mmoja? Na ukishaandika, gemu inabadilika. Crash Team Racing: Nitro-Fueled ya Activision ilihakikiwa Juni 2019 ikiwa haina kitu cha kununua kwa fedha halisi. Agosti, alama zikiwa zimeshatoka, duka likawekwa ndani yake. Kinyume chake, No Man's Sky ilizomewa mwaka 2016. Wenyewe wakaendelea kuiboresha bure miaka na miaka, na kufikia 2024 wachezaji wa Steam wakawa wanaisifu. Namba ya siku ya kwanza ilihukumu gemu ipi?

MBUNIFU: Na wakijaribu kuifuata inavyobadilika, wanachekesha. Mwaka 2013 wahakiki wa tovuti ya Polygon waliipa SimCity 9.5. Wakashusha mpaka 8. Wakashusha mpaka 4. Wakapandisha mpaka 6.5. Msomaji ashike ipi?

MHAKIKI: Ashike ile yenye tarehe ya siku anayotaka kununua. Ile 9.5 ilitolewa kabla ya umma kuingia. SimCity ililazimisha mchezaji awe kwenye intaneti muda wote, hata akicheza peke yake. Umma ulipoingia, mitambo ya kampuni ikaelemewa, watu wakakesha wanasubiri kuingia kwenye gemu waliyokwisha kuilipia. Mitambo ilipotengemaa, alama ikapanda. Mimi sioni kichekesho hapo. Kichekesho ni kubaki na 9.5 na kunyamaza wakati wasomaji wako wamefungiwa nje.

MWENYEKITI: Tumegusa mashine, tumegusa muda. Bado fedha. Anayehukumu analipwa na nani?

MBUNIFU: Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, Mwenyekiti. Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa GameSpot, alifukuzwa kazi muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama sita. Wakati huo tovuti yake ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyohiyo. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alithibitisha kwamba shinikizo la upande wa matangazo ndilo lililomponza. Kama angeandika maneno bila namba, nani angekuwa na cha kumwonyeshea kidole?

MHAKIKI: Hapo ndipo hoja yako inapoanguka, kaka. Mwaka 2014 Warner Bros waliwalipa watu maarufu wa YouTube waitangaze Middle-earth: Shadow of Mordor. Walitakiwa kuisifu, na walikatazwa kuonyesha hitilafu zake. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaibana kampuni hiyo, kwa sababu watazamaji hawakuelezwa waziwazi kwamba ni tangazo. Katika video zile hapakuwa na alama hata moja, palikuwa na maneno na vicheko tu. Ukifuta namba, rushwa itahamia kwenye maneno, na maneno ni magumu kuyakamata.

MWENYE KIBANDA: Ngoja niseme kitu. Vijana wangu wanawaamini hao wa YouTube kuliko gazeti lolote. Wakija wanasema, "Mzee, gemu fulani kali, fulani kasema." Mimi nawauliza swali moja: aliinunua au alipewa? Wananyamaza. Ukishajua alipewa, huna haja ya kumtukana. Unampunguzia kidogo kwenye yale aliyosema, unaendelea.

MWANAFUNZI: Mzee ametuzidi wote.

MBUNIFU: Basi niruhusuni nimalizie na jambo ambalo namba haiwezi kulibeba hata ukiiandikia masharti. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, gemu ya Surgent Studios ya Uingereza. Mwanzilishi wake, Abubakar Salim, ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na gemu ameitoa kwenye msiba wa baba yake. Kijana anayeitwa Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Imejengwa juu ya simulizi za Kibantu, na unaweza kuicheza ikiwa na sauti za Kiswahili. Wastani wake ukaangukia katikati ya sabini. Wengi walilinganisha kuruka na kupigana kwake na gemu nyingine za aina hiyo, nao hawakukosea. Njia zake ni nyepesi, mapambano yanajirudia. Lakini nani kati yao alizipima hizo sauti? Nani aliweza kusema kama Zau anazungumza kama kijana aliyefiwa, au kama mtu anayesomewa karatasi studioni? Kwa mchezaji wa Mombasa au Tanga hilo ni nusu ya gemu. Kwenye ile sabini na kitu limewekwa wapi?

MHAKIKI: Halikuwekwa popote, kwa sababu asiyejua Kiswahili hawezi kulipima. Lakini kaka, hata angeandika insha ndefu isiyo na namba bado asingelipima. Hapo kinachokosekana ni sisi. Kama gemu ina sauti za Kiswahili na hakuna mhakiki wa Kiswahili aliyezitolea alama, lawama usiipeleke kwa hesabu. Gazeti la Famitsu la Japani huwaweka wahakiki wanne kwa gemu moja, kila mmoja anatoa alama yake kwa kumi, na zote nne huchapwa pamoja na jumla yake kwa arobaini. Mmoja akitoa tisa na mwenzake sita, unaona wamegombana, unasoma kujua kwa nini. Wastani ungekupa namba ambayo pengine hakuna aliyeitoa. Nipeni jopo la namna hiyo, mmoja wao awe Mswahili mwenye PS4 ya mtumba, muone.

MWENYEKITI: Muda umetuishia. Kabla ya uamuzi niwakumbushe kwamba hoja hii imeshajaribiwa na watu wa kazi. Februari 2015 tovuti ya Eurogamer ya Uingereza ilifuta alama zake za kumi na kuweka maneno matatu tu: ya lazima, inapendekezwa, epuka. Mwaka 2023 ikarudi kwenye alama, safari hii za nyota tano. Mtoa hoja atasema walirudi kwa uchovu, mpinzani atasema walirudi kwa akili. Ninachokiona mimi ni kwamba hata yale maneno matatu yalikuwa alama. Anayehukumu kwa ajili ya mnunuzi hatakwepa kusema nunua au acha, na akishasema hivyo amekwisha kupanga ngazi.

Uamuzi wa kiti ni kwamba hoja haipiti kama ilivyoletwa. Kila kisa kilicholetwa mezani ni kizito, lakini kila kimoja kimeangukia mahali pamoja. Obsidian walipimwa kwa uzito usiotangazwa. Wenye PS4 walipewa hukumu ya mashine nyingine. Sifuri za Juni 2020 hazikuonyesha saa za kucheza. Watazamaji wa Shadow of Mordor hawakuambiwa nani kalipa. Mara zote hukumu iliachwa itembee bila mazingira yake, na hapo ndipo haki ilipopotea. Kwa hiyo alama ibaki, lakini pembeni yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ziandikwe habari tano: mashine iliyotumika, saa zilizochezwa, tarehe na toleo la gemu, nakala ilinunuliwa au ilitolewa bure, na kama gemu inahitaji intaneti au akaunti isiyopatikana nchini kwa msomaji. Mhakiki anayeziandika hizo, hata akikosea, ametupa njia ya kumsahihisha.

Neno la mwisho ni kwa wanaoanza kuhakiki gemu kwa Kiswahili, kwenye redio, magazetini na kwenye simu zao. Msiige namba za wenzenu wa London na Tokyo. Chezeni kwenye mashine walizonazo wasomaji wenu, semeni bando kiasi gani linaliwa kupakua, semeni kama watu wawili wanaweza kucheza kwenye TV moja, na sauti za Kiswahili zikiwepo zipeni alama yake peke yake. Nawe msomaji, ukikutana na tisa kwa kumi isiyokwambia ilichezwa kwenye nini, kwa saa ngapi na kwa fedha ya nani, usiinunulie gemu.